Anayekata Kamba Analipa Faini

Kajiado, 12 Februari 2000

Kwa binti yangu Najah,

Assalaam aleykum warahmatullah. Mimi ni mzima, magoti ni mazima siku yanapotaka, na mkono ndio huu unaandika bila kusaidiwa na mtu. Ulinicheka nilipoenda gumbaru nikakaa na wazee kwenye viti vya watoto. Sasa nani anaandika? Ningekuandikia kwa Kisomali chetu, lakini hicho mimi na wewe tulipewa mdomoni tu, kwa hivyo vumilia Kiswahili cha mwalimu Nzioka.

Kaka yako Abdille bado yuko Namanga anapitishia watu mizigo mpakani, na hajaoa, usiniulize. Ng'ombe zangu ni wazima, Adey na Madoba na yule mkaidi Bilan, ingawa nyasi zimekwisha karibu na nyumba. Jirani yetu Kisemei anapita kila asubuhi ananiambia "Sopa", halafu ananiambia mvua iko karibu. Nimemwomba abaki na salamu peke yake.

Sasa jambo lenyewe. Githongo, yule wa lori la mawe, atakuletea mkebe. Ndani ni nyirinyiri. Yule dume mzee nilimchinja kabla njaa haijammaliza. Nyama nimeianika, nimeikatakata vipande vidogo vidogo, nimeikaanga mpaka ikakauka kabisa, halafu nikaimwagia samli yangu mwenyewe na iliki. Itakaa miezi bila friji, na friji najua huna. Kijiko kimoja juu ya ugali kinatosha watu wawili. Kijiko, Najah. Nakujua.

Mkebe nimeuvisha kitambaa na kuufunga kamba, fundo langu. Sheria ni ile ya nyirinyiri ya harusi: fundo linafunguliwa kwa vidole, na anayekata kamba analipa faini, na faini anaitaja aliyefunga. Daud hajasahau. Ni ami yake alitoa wembe mfukoni mbele ya wageni wote siku ya harusi yenu, na kondoo wake tulimla. Nirudishie mkebe, kitambaa na kamba nzima. Nitakagua.

Kuja kukuona siwezi. Nani atakamua ng'ombe?

Mama yako,
Mama Abdille


Kitengela, 24 Machi 2000

Kwako Hooyo, mama yangu mkali,

Waaleykum salaam. Idd tulisherehekea vizuri, tuliswali uwanjani na vumbi lote la Kitengela likaswali na sisi. Watoto wa darasa langu la nasari wanakusalimia, hata hawakujui, ni vile nimewafundisha kusalimia mtu yeyote. Daud pia anakusalimia. Yuko sawa, anaenda kazini siku ambazo wanamwita.

Hooyo, hilo fundo! Daud alikaa nalo Jumapili nzima. Alilizungusha, akalinusa, akaliweka chini akanywa chai, akarudi. Jirani yetu Akoth aliingia kuomba kiberiti, akaona mtu mzima anatoa jasho juu ya mkebe, akamwambia, "Si ukate tu, baba?" Daud aliruka, "Usilete kisu hapa! Familia yangu imelipa kondoo tayari!" Mwisho nikamhurumia nikafungua mimi. Ulikuwa umeficha ncha ya kamba chini ya mkebe, ndani ya pindo la kitambaa. Kamba nzima hiyo nakurudishia, kagua mpaka uchoke.

Mkebe umekwisha. Nilitumia kijiko kama ulivyosema. Hukusema kijiko gani.

Bilan anaendeleaje? Bado anapiga teke ndoo? Nyumba yetu ni ile ile, tuko sawa kabisa. Siku moja utakuja utuone.

Binti yako anayekupenda,
Najah


Kajiado, 2 Mei 2000

Kwa Najah, mwenye kijiko kikubwa kama sepetu,

Salaam nyingi. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu lori la Githongo lilikufa barabarani, likakaa huko kama mzee aliyekataa kuhama. Sasa limefufuka. Kamba nimekagua. Vizuri.

Nimesoma barua yako mara ya pili kwa miwani. Daud anaenda kazini "siku ambazo wanamwita". Kwani siku zingine wanamsahau? Na mimi nitakuja "siku moja". Siku moja ndiyo siku ambayo Abdille ataoa. Binti akitaka mama yake aje husema njoo Alhamisi, lala upande huu, nitakupikia hiki. Lakini sikulaumu, kwa sababu hata ungesema Alhamisi nisingeweza. Nani atakamua?

Githongo ana mkebe mwingine, mkubwa kuliko ule. Mwingine kama huo ataendelea nao mpaka Namanga kwa kaka yako. Mvua ya Machi haikuja, ya Aprili ilipita mbali tukaisikia tu. Kisemei ameacha kuniambia iko karibu. Sasa ananiambia "Sopa" ananyamaza, na kweli sikujua ningekosa uongo wake.

Usiniulize nyama imetoka wapi. Imetoka kwa mnyama.

Mama Abdille


Kitengela, 11 Juni 2000

Hooyo wangu,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo. Nimepata kikohozi cha vumbi, nikapona, Daud akakichukua akakifanya chake, sasa anakohoa kama mkuu wa wilaya. Akoth ametuletea omena na mimi nikampa nyirinyiri, akaonja akasema, "Haki hii ni aliya iliyoenda shule." Kumbe kwao Wajaluo pia wanaanika nyama juani. Anakupenda sana na hajawahi kukuona, ni faida ya umbali.

Sasa Hooyo, usikasirike. Mkebe ulikuwa mtamu na fundo lilimshinda Daud tena. Lakini hiyo haikuwa samli. Ilikuwa mafuta ya mgando ya dukani, yale meupe. Iliki uliweka, tena nyingi, nafikiri ili nisijue. Wewe ni mama uliyekuwa ukisema mafuta ya duka ni ya kupaka milango. Samli yako imeenda wapi? Maziwa yameenda wapi?

Tena nilikuuliza Bilan anaendeleaje hukunijibu. Nakuuliza tena. Bilan yuko? Madoba je? Adey je?

Ni mimi,
Najah


Kajiado, 9 Julai 2000

Kwa Najah,

Salaam. Mimi ni mzima, siumwi na kitu, ng'o.

Sikujua nimezaa polisi wa mpaka. Mkebe unakwenda kwako na wewe unaupekua kama mzigo wa mtu anayetoka Tanzania. Ulimi wako umeharibika na chai ya mjini, ndiyo sababu huoni tofauti ya samli na mafuta. Kula, nyamaza.

Huu ni mkebe wa tatu. Kamba yangu sina tena, Abdille ameikata. Amekiri mwenyewe, ati alikuwa na njaa na madereva walikuwa wanamngoja. Faini yake nimeitaja: aoe kabla mwaka haujaisha. Amejibu kwamba afadhali kondoo. Kwa hivyo wako nimeufunga kwa ukanda wa ngozi niliokata mwenyewe. Daud atauona wa ajabu.

Siwezi kuja. Unajua kwa nini.

Mama Abdille


Kitengela, 13 Agosti 2000

Hooyo,

Assalaam aleykum. Leo nitasalimia kwa haraka, unisamehe.

Ukanda wa ngozi uliokata una manyoya upande mmoja, Hooyo. Uliyanyoa, lakini miwani yako inajulikana. Ni manyoya meupe. Kwenye boma lako aliyekuwa mweupe ni Adey peke yake.

Nilikaa nimeshika huo ukanda na Daud hata hakuanza mzaha. Alisema tu, "Ni Adey, sivyo?" Nikamuuliza Githongo alipokuja kuchukua mkebe mtupu. Hakutaka kusema. Nikamwekea chai, akaangalia maziwa kwenye kikombe, akasema, "Kwa mama yenu siku hizi nakunywa ya rangi." Chai ya rangi, kwako! Wewe uliyemfukuza yule chifu mdogo kwa sababu aliomba chai isiyo na maziwa ukadhani anakutukana! Nililia mbele ya Githongo, na yeye akanywa haraka akaondoka.

Hooyo, unawachinja mmoja mmoja unatutumia sisi. Na wewe unakula nini?

Wacha na mimi niseme langu. Nyumba si ile ile. Kazini kwa Daud wamepunguza siku tangu Januari, na tulihamia chumba kimoja nyuma ya duka la Kavutha, ploti ya mabati. Ndiyo maana nilisema siku moja. Niliona haya ukute kitanda, stovu na vitabu vya nasari vyote vinaangaliana. Mkebe wako ndio umekuwa mboga yetu wiki nyingi. Nilikuwa nakula huku nikijua kitu hakiko sawa, na nikaendelea kula.

Njoo, Hooyo. Sasa nasema njoo. Hakuna tena ng'ombe wa kukamua.

Najah


Kajiado, 3 Septemba 2000

Najah,

Salaam.

Ndiyo. Madoba alikuwa ule mkebe mkubwa. Alianza kushindwa kusimama, na ng'ombe akishafia chini hata mbwa wanamwona haramu, itakuwa mimi? Nilimwita shehe akamchinja, macho yake bado yako wazi. Adey vilevile. Nilikaanga nikilia na nikamwambia shehe ni moshi. Bilan nilimpa Kisemei na ndama wake, aende nao na ng'ombe wake kupita Mashuuru kutafuta nyasi. Tangu aondoke sijasikia.

Wewe unaniuliza nakula nini kana kwamba mimi ni mtoto wa nasari. Nakula. Mama haulizwi hivyo. Ulitaka niwaachie fisi? Nyama ya Adey imekaa tumboni mwa binti yangu, na mimi nalala vizuri nikiwaza hivyo, hiyo ndiyo shibe yangu, niachie.

Na kuja siji. Sasa ndio umeniharibia kabisa. Chumba kimoja! Nilale wapi, katikati yako na Daud? Mkwe wangu avue viatu mbele yangu, nimsikie anakoroma? Mtu na mama mkwe wake hawalali chumba kimoja, hata kama Kitengela mmesahau adabu. Tena nikitoka hapa watu watasema Mama Abdille amekwisha, amefuata binti. Nyumba hii aliniachia baba yenu.

Usitume pesa. Najua huna. Usitume chochote.

Mama yako


Kitengela, 22 Oktoba 2000

Kwa Hooyo, mkaidi kuliko Bilan,

Assalaam aleykum. Uliniambia nisitume chochote, kwa hivyo natuma mkebe.

Ndani ni nyirinyiri. Yangu. Usicheke kabla hujaonja, cheka baadaye. Daud aliitwa kazini wiki mbili mfululizo na siku ya malipo alikuja na nyama akasema, "Hii si ya kula, hii ni ya mama." Nikaikata vipande virefu kama ulivyonifundisha nikaitundika kwenye kamba ya nguo, katikati ya ploti, kati ya shuka za Kavutha na suruali za mtu wa chumba cha mwisho. Hooyo, ploti nzima ilitoka nje kuangalia! Kavutha aliniuliza kama nafua nyama. Mwewe walikuja. Akoth akavuta kiti akakaa chini ya hiyo kamba na mwiko mkononi siku mbili, anawatukana mwewe kwa Kijaluo, anasema kwao mtu haachi aliya peke yake. Kama kuna nyama imelindwa Kenya hii, ni hiyo.

Kuhusu kulala. Akoth ana kitanda cha Whitney, msichana wake aliyepata kazi Nkoroi. Kiko ukutani kwetu, upande wa pili wa mabati. Amesema utalala kwake mpaka uchoke na utamfundisha kuweka iliki. Kwa hivyo Daud atakoroma kwake na wewe utakuwa kwa watu. Hiyo sababu imekwisha, tafuta nyingine.

Sijakuita kwa kuwa umekwisha. Nakuita kwa kuwa nimekumiss na naogopa. Kila lori la mawe likisimama moyo wangu unashtuka kwamba Githongo hana mkebe, ana habari. Siwezi kufunga Ramadhani nikijua unafuturu maji na chai ya rangi peke yako.

Sasa sikiliza. Mkebe nimeufunga kwa ukanda wa Adey, fundo langu. Sheria unaijua, ni yako. Aliyefunga ndiye anataja faini, na mimi naitaja mapema. Ukifungua kwa vidole, kaa Kajiado, sitakusumbua tena, na mdomo nitafunga. Lakini ukikata, utakuja Kitengela kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama na utakaa na sisi mpaka Idd ipite. Daud anasema nimechezea moto, ati wewe unafungua fundo lolote ukiwa unaongea na mtu mwingine. Nimemwambia anyamaze, familia yake inajulikana.

Binti yako,
Najah


Kajiado, 19 Novemba 2000

Kwa Najah binti yangu, na Daud, na huyo Akoth wa mwiko,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Hapa mvua imenyesha. Imenyesha kweli, siku tatu, mpaka barabara ya Githongo imekuwa mto na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu. Nyasi zimeota mpaka mlangoni. Nilisimama nikaziangalia na hakuna wa kuzila, na nilikasirika na nyasi kama mtu mjinga.

Halafu juzi nikasikia "Sopa" huko nje. Kisemei amerudi. Amekonda mpaka shuka lake linamzunguka mara mbili. Bilan hakurudi, aliishia njiani. Lakini ndama wake amerudi, ana masikio na mbavu tu, na ameshanipiga teke. Kwa hivyo unaona, sababu ya kutoondoka nimeipata tena, tena nzuri, yenye miguu minne.

Sasa nyirinyiri yako. Chumvi umeweka kama mtu aliyetumwa na adui. Hukuikausha vya kutosha, kuna vipande vinatafunika kama kiatu cha mvua. Umepika na mafuta ya mgando, hilo sitasema. Nimekula nusu mkebe nimesimama, bila ugali. Mwambie Daud asante, na sikusema "mkwe", nimesema Daud.

Sasa fundo. Niliweka mkebe kwenye mapaja nikaliangalia. Ulificha ncha chini, ndani ya pindo la kitambaa, pale pale nilipokuonyesha ukiwa mtoto mdogo. Niliiona bila miwani. Ningeivuta kwa kidole kimoja huku naongea na Kisemei.

Nikaenda jikoni nikaleta kisu.

Kipande kimoja cha ukanda wa Adey nimemvisha ndama shingoni, atakaa kwa Kisemei mpaka Idd ipite. Kingine nitakuja nacho, ushahidi, ili Daud ajue kwamba hata mimi hulipa. Githongo atanibeba Jumamosi, mbele, karibu na dirisha, nimeshamwambia asivute sigara. Mwambie Akoth atandike kitanda. Na usione haya na hicho chumba chako, nilizaliwa kwenye nyumba iliyobebwa na ngamia mmoja, hicho hata ngamia wawili hawakiwezi.

Weka maji ya chai. Maziwa nimeyaomba kwa Kisemei, nakuja nayo.

Hooyo